Sanduku Lina Funguo Tatu, Hesabu Ina Mtu Mmoja

Mtu wa 25 alipolipwa, sanduku likabaki tupu. Nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba huko Misima, kwenye barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni, na kikundi cha kuweka na kukopa kilikuwa kinavunja mzunguko wake wa mwaka chini ya mwembe. Wanachama ni 28, wengi wao akina mama wanaolima mahindi na ufuta. Waliitwa kwa kufuata orodha. Kila aliyeitwa alikwenda mezani, akahesabiwa fedha zake mbele ya wote, akatia saini au dole gumba, akarudi kwenye mkeka. Walipobaki watatu, mhesabu fedha akaingiza mkono sandukuni, akapapasa pembe zote, kisha akaliinua na kuligeuza. Haikudondoka hata sarafu.

Kimya kilichofuata sijakisahau. Macho yote yakamgeukia mtunza hazina, mama wa makamo ambaye shangazi yangu, mwanachama namba 11, alikuwa amenisifia njia nzima kwamba ni mtu wa kuachiwa mtoto mchanga na ng'ombe wa maziwa. Mmoja wa wale watatu waliobaki, bibi aliyejiunga mwezi wa Machi, alisimama akasema kwa upole uliouma kuliko kelele: "Mwanangu, sisemi umekula. Nauliza changu kiko wapi." Yule mama hakuwa na jibu. Alifungua kabrasha lake, akatoa karatasi iliyochapwa vizuri, yenye mistari na rangi ya kijani juu, akaionyesha kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Karatasi ilisema kila mtu anapata chake. Hata bibi yule alikuwamo, na kiasi chake kimeandikwa.

Nilikwenda Misima kumsindikiza shangazi. Nilirudi na jambo ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku ile.

Hisa moja ya kikundi kile ilikuwa shilingi 3,000. Kwa mwaka mzima wanachama walinunua hisa 4,200, yaani shilingi 12,600,000, na riba za mikopo pamoja na faini za kuchelewa zikaleta 1,680,000 nyingine. Asubuhi ya siku ile fedha zilihesabiwa hadharani, zikawa 14,280,000 kamili. Ukigawa kwa hisa 4,200, kila hisa inapata shilingi 3,400. Karatasi ya kijani ilisema kila hisa inapata 3,750.

Usiku ule kijana aliyetengeneza jedwali la kompyuta lililotoa karatasi ile, ambaye kazi yake ni kuchapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari mjini, alinitumia faili lenyewe kwa simu. Alikuwa na hofu, na alikuwa na haki ya kuogopa. Majina ya wanachama yalianza mstari wa 5. Mwezi wa Januari walikuwa 25, kwa hiyo yaliishia mstari wa 29. Kwenye ukurasa wa pili aliweka fomula ya jumla ya hisa: jumlisha kuanzia mstari wa 5 hadi mstari wa 29. Mwezi wa Machi wakaja watatu wapya. Akawaandika chini ya wenzao, mistari ya 30, 31 na 32, akavuta fomula ya mgao ikawafikia, na kwenye skrini kila kitu kikaonekana kimekaa sawa. Lakini ile jumla ya ukurasa wa pili haikuambiwa kwamba watu wameongezeka. Iliendelea kuhesabu 25. Hisa 392 za wale watatu hazikuhesabiwa, jumla ikawa 3,808, na 14,280,000 ukizigawa kwa 3,808 unapata 3,750 bila hata senti ya ziada. Ndiyo maana sanduku lilikauka sawasawa na mtu wa 25. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja wa wale 25 aliondoka na shilingi 350 za jirani yake kwa kila hisa, bila kujua.

Nataka msomaji alione kosa hili vizuri, kwa sababu si kosa la Misima. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha andiko lililodai kwamba nchi ambayo deni lake limepita asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake hudorora. Mawaziri wa fedha wa nchi tajiri walilishika wakati wa kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, aliyepewa kazi ya darasani ya kurudia utafiti wa wengine, aliomba faili lao la Excel, akalifungua. Fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 ikaishia mstari wa 44, wakati nchi ziliendelea hadi mstari wa 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark ziliachwa nje. Zilikuwapo dosari nyingine pia, na zote zilipokwisha kurekebishwa ukuaji wa nchi zenye deni kubwa ukatoka hasi asilimia 0.1 ukawa asilimia 2.2. Maprofesa waliacha mataifa matano chini ya mstari, kijana wa steshenari akaacha watu watatu. Mkono ni ule ule.

Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na wanaosema kwamba watu wa kijijini waachane na kompyuta warudi kwenye daftari. Nimelisikia hilo likisemwa na watu wenye ofisi zao, tena kwa huruma. Kama elimu ya maprofesa wale haikuzuia kosa lile, basi tatizo si kijiji.

Tatizo, kwa jinsi ninavyoliona, ni kwamba tumempa mtu kazi ya mtengeneza programu bila kumwambia kwamba ndiyo kazi aliyopewa. Anayeandika kwenye seli "jumlisha hapa mpaka pale, gawa kwa hiki, zidisha kwa kile" ameiagiza mashine ifanye hivyo leo, kesho na mwakani, hata hali ikibadilika. Hiyo ni programu. Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc mwaka 1979, jedwali la kwanza la kompyuta kuwafikia watu wa kawaida, kilichowavutia wahasibu ni hicho: badilisha namba moja na nyingine zote zinajipanga upya zenyewe. Kabla ya hapo kubadilisha namba moja kulimaanisha kufuta ukurasa mzima kwa raba. Ilikuwa zawadi kubwa, na bado ni zawadi. Ila wanaotengeneza programu kwa taaluma wana desturi zao za kujilinda: wanajaribu kazi yao kwa namba ambazo jibu lake wanalijua, wanasomeana kazi, wanatunza matoleo ya zamani. Desturi hizo hazikuja pamoja na jedwali. Mhasibu, mwalimu, muuguzi, mtendaji wa kijiji na mtunza hazina walipewa panga bila ala.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, maana sisi ala tulikuwa nayo. Liangalie sanduku lenyewe. Lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Mtunza sanduku hana ufunguo. Fedha zikiingia zinahesabiwa kwa sauti, na kila mwanachama ana kitabu chake kidogo ambamo kila hisa aliyonunua imegongwa muhuri. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Vikundi vingi nchini vinaendeshwa hivyo, kila kimoja na tofauti zake ndogo ndogo, na utaratibu ule umebuniwa kwa akili sana na watu walioelewa kwamba uaminifu wa mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani, usibebeshwe mzigo wa kikundi kizima.

Na Korogwe jambo hili lina mizizi mirefu kuliko vikundi hivi. Kwenye mashamba ya mkonge, Ngombezi, Magunga, Mazinde na kwingineko, mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Akimaliza kazi ya siku nafasi moja inatiwa alama, na kipande kikijaa ndipo analipwa. Sisifu ukoloni wala mishahara ya mkonge. Wazee wanalijua jasho lake. Nasema tu kwamba kipande kilikuwa jedwali, na mtu aliyetoka Kigoma au Njombe bila kujua herufi moja aliweza kukitazama akajua amebakiza siku ngapi. Hesabu ilionekana kwa macho.

Jedwali la kompyuta linaonyesha jibu na kuificha njia. Karatasi iliyochapwa inaficha zaidi, maana huko fomula haipo kabisa, zimebaki namba zilizonyooka kama askari wa gwaride. Tulipohamisha hesabu kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta tulihamisha namba tukaziacha kufuli nje. Sanduku la Misima lilikuwa na funguo tatu siku ile ile ambayo hesabu yake ilikuwa na mtu mmoja, aliyekaa mjini, ambaye hakuna mwanachama aliyewahi kumwomba aeleze jumla inaishia mstari wa ngapi. Wangemwombaje? Hawakujua kwamba ni swali.

Nimekaa nikaangalia kinachofundishwa kwenye kozi fupi za kompyuta katika miji yetu midogo. Unalipa ada, unafundishwa kuwasha mashine, kuandika barua, kisha Excel wiki mbili: kupaka rangi, kukoza herufi, kuunganisha seli ili kichwa cha habari kikae katikati, kuchora grafu. Mwisho cheti. Hakuna siku ambayo mwanafunzi anapewa jedwali lenye kosa lililofichwa akaambiwa alitafute. Ningekuwa mwalimu, siku hiyo ingekuwa ya kwanza, kabla ya rangi. Mtu akishaona kwa macho yake namba iliyonyooka ikimdanganya, mwaka mzima hatazitazama namba kwa usingizi.

Siku ya pili ningeitumia kwa mitego ya kwetu, ambayo vitabu vilivyoandikwa kwingine haviijui. Sisi tunaandika fedha hivi: 15,000/=. Tumezoea tangu risiti za dukani. Ukiandika hivyo kwenye seli, mara nyingi kompyuta inaona maneno, haioni namba, na fomula ya jumla ikipita hapo inaruka kimya kimya kama gari lisilosimama kituoni. Haitoi onyo. Jumla inapungua tu. Dalili yake ni ndogo: namba halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maneno hukaa kushoto, isipokuwa kama mtu amezipanga zote katikati ili zipendeze, na hapo dalili pekee imefutwa.

Namba ya simu inaanza na sifuri. Andika 07 na kinachofuata, sifuri inapotea, na kikundi kinachotuma mgao kwa simu kinabaki na namba zisizopigika. Hiyo angalau inagundulika haraka. Mbaya ni namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Ukiziandika zote mfululizo bila vistari, mwanzo unaonekana uko sawa, na watu hutazama mwanzo. Tano za mwisho zimekwisha kufa, na hakuna njia ya kuzifufua kutoka ndani ya faili. Nimeona orodha ya wanachama iliyopelekwa ofisini ikiwa hivyo yote, majina zaidi ya mia, na ikabidi kila mtu aitwe upya na kitambulisho chake. Dawa ni kuiambia kompyuta mapema, kabla ya kuandika chochote, kwamba safu hiyo ni ya maneno. Kazi ya sekunde tano.

Tarehe nazo. Kwetu 4/3 ni tarehe 4 mwezi wa Machi. Kompyuta iliyotoka dukani na mpangilio wa Kimarekani inasoma Aprili 3, na ukiandika 25/3 inashindwa kuelewa, inaiacha kama maneno. Kwa hiyo ndani ya safu moja nusu ya tarehe zimegeuzwa na nusu si tarehe kabisa, na kikundi kinamtoza faini ya kuchelewesha marejesho mtu aliyelipa kwa wakati. Wanasayansi wa vinasaba wanalijua hili. Vinasaba vilivyokuwa vikiitwa MARCH1 na SEPT2 vilikuwa vinageuzwa kuwa tarehe na Excel kwenye machapisho ya utafiti, hata mwaka 2020 wenye mamlaka ya kuvipa majina wakaamua kuvibadilisha. Kama sayansi imebadili majina ya vitu kwa ajili ya jedwali, sisi tunaweza kuandika "04-Machi".

Baada ya mitego, desturi. Sitazitaja zote hapa, gazeti si darasa, ila kuna moja ambayo ingeiokoa Misima na ambayo makarani wa zamani wa ushirika waliijua bila kompyuta: jumlisha kwa njia mbili. Chukua migao yote kwenye karatasi ile ya kijani, ijumlishe. Ingekuja 15,750,000. Sandukuni ziko 14,280,000. Zimepishana kwa 1,470,000 kabla mtu hajaitwa mezani, kabla macho hayajamgeukia mama wa watu. Seli moja tu chini ya ukurasa, inayolinganisha migao na fedha zilizopo na kuandika SAWA au SI SAWA. Pembeni yake seli nyingine inayohesabu majina na kusema 28. Nilipomwonyesha yule kijana, alikaa kimya muda mrefu kisha akaniambia, "Kaka, hiyo ni dakika mbili." Ndiyo. Dakika mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kumwambia azitumie.

Kwa kosa lile la mstari wa 29 kuna ujanja wa kishamba kabisa ninaoupenda. Chini ya jina la mwisho acha mstari mmoja mtupu, upake rangi ya kijivu, na jumla yako ianzie jina la kwanza iishie kwenye huo mstari wa kijivu. Mwanachama mpya akija, mwingize juu ya kijivu. Ni kama mpaka wa shamba uliopandwa minyaa: huwezi kulima nje yake bila kujua umetoka.

Kiwango cha riba nacho kikae kwenye seli yake yenye jina lake. Kikizikwa ndani ya fomula arobaini, siku kikundi kikikubaliana kushusha riba kutoka asilimia 10 hadi 5, fomula 37 zitabadilishwa na tatu zitasahaulika. Wakopaji wa fomula hizo tatu watalipa zaidi ya wenzao hadi mwisho wa mwaka.

Lakini ufundi peke yake hautoshi, na hapa nageukia jambo ninaloliamini kuliko yote. Raymond Panko wa chuo kikuu cha Hawaii amechunguza makosa ya majedwali kwa miongo kadhaa. Mwaka 1999 alichapisha matokeo ya jaribio alilopanda makosa ndani ya jedwali kwa makusudi, akawapa watu wayatafute. Waliokagua peke yao waligundua asilimia 63. Walipokaa watatu watatu waligundua asilimia 83. Niliposoma namba hizo nilifikiria kufuli za Misima. Watu watatu. Aliyebuni sanduku lile hakuhitaji utafiti wowote kuhusu kompyuta, maana alikuwa ameielewa akili ya binadamu: jicho la mwenye kazi linaona alichokusudia kuandika, la jirani linaona kilichoandikwa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vikundi ni kwamba jedwali lipewe funguo tatu. Mmoja anaingiza namba. Wa pili, akiwa na daftari mkononi, anamsomea na kusikiliza anachorudishiwa. Wa tatu hagusi namba, kazi yake ni kuuliza maswali: tuko wangapi, jumla inaanzia wapi na kuishia wapi, na ukaguzi wa chini unasemaje. Wa tatu huyo hahitaji kujua kompyuta. Anahitaji kujua kikundi. Bibi wa Machi angefaa sana.

Tena kuna mfano uko hapo hapo Korogwe. Mji ule ulikuwa moja ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, lililohusisha watoto zaidi ya 15,000. Katika utafiti wa namna hiyo ipo kanuni inayofuatwa dunia nzima: kwenye karatasi, namba iliyokosewa haifutwi. Inapigwa mstari mmoja ili bado isomeke, ya sahihi inaandikwa pembeni, na aliyesahihisha anatia saini na tarehe. Kwenye jedwali la kompyuta ukiandika juu ya namba ya zamani, ya zamani imetoweka kana kwamba haikuwapo. Ndiyo maana faili lihifadhiwe upya kila mkutano, likiwa na tarehe kwenye jina lake, na la wiki iliyopita lisiguswe tena. Mtunza hazina mwenye mafaili 50 ya mwaka ana ushahidi wa kumtetea. Mwenye faili moja ana neno lake tu.

Wapo watakaosema suluhisho ni mifumo: serikali inunue programu maalumu, kila kikundi kiingize taarifa zake humo, mambo yaishe. Mifumo ina nafasi yake. Shule na zahanati zetu zimepata mfumo wa hesabu za vituo, FFARS, na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Ila nimeishi vya kutosha kujua kwamba mfumo hauwezi kujibu kila swali. Kikundi kitaamua kununua magunia ya mahindi wakati wa mavuno na kuyauza Februari, na siku hiyo hiyo mtu atafungua jedwali tupu aanze kupanga. Hata Uingereza, yenye kila mfumo, mwaka 2020 ilijikuta imeacha wagonjwa 15,841 wa korona nje ya hesabu zake za kila siku kwa sababu taarifa zilipitia faili la Excel la aina ya zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536, na zilizozidi zikamwagika. Majedwali hayatakwisha.

Basi nani afundishe? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi katika daraja la nne. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata anavijua vikundi vyake kwa majina na anakaa navyo mara nyingi. Mkopo unapotolewa, mafunzo ya nusu siku ya kutafuta kosa lililofichwa yasingeongeza gharama ya kutisha. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa ajili ya watu wazima wanaotaka ujuzi wa maisha na si vyeti vya kutundika, vingeweza kuwa nyumbani kwa somo hili. Na kijana wa steshenari asisahaulike. Yeye ndiye ofisi ya kompyuta ya vijiji kumi. Anatengeneza jedwali moja, kikundi cha jirani kinaliomba, linasafiri kwa simu kutoka kijiji hadi kijiji, na fomula ya mstari wa 29 inasafiri nalo. Mfundishe yeye mmoja kuweka seli ya SAWA au SI SAWA, nayo itasafiri vile vile.

Jumapili ile, siku moja baada ya sanduku kubaki tupu, wanachama walirudi chini ya mwembe na vitabu vyao. Walihesabu mihuri. Ilichukua tangu baada ya ibada hadi jua kukaribia kuzama, kitabu kwa kitabu, kwa sauti, watoto wakiweka punje za mahindi kwenye ungo kwa kila muhuri. Zilifika 4,200. Hapo ndipo watu waliponyanyuka mmoja mmoja kwenda kumshika mkono mtunza hazina, na wa kwanza kufika alikuwa yule bibi. Kurudisha fedha kulikuwa kugumu zaidi. Mwenye hisa 150 alitakiwa kutoa shilingi 52,500, na wengine walikuwa wameshalipa madeni ya dukani na ada za shule. Wale watatu walikamilishiwa haki yao Februari.

Shangazi ananiambia kwamba siku hizi mkutano hauanzi mpaka kompyuta igeuzwe iwatazame wanachama. Bibi anakaa mbele. Mwezi wa tano alikuja mwanachama mpya, binti aliyeolewa kutokea Sindeni. Mtunza hazina akaingiza jina lake juu ya mstari wa kijivu, akaondoa mkono, akasubiri. Bibi akauliza tuko wangapi. Wakahesabiana kwenye mikeka, ishirini na tisa, akageuka kuitazama skrini.